Imla ya Muziki na Sikio la Kufa

(Maneno yaliyosemwa bwaloni na mwanafunzi wa zamani, mwalimu mstaafu wa muziki, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Ndugu Katibu aliniandikia barua akitaka niseme juu ya "Muziki na Maendeleo ya Vijana." Nilikaa na kichwa hicho cha maneno kwa wiki mbili, nikakizunguka kama mtu anayezunguka nyumba isiyo na mlango, sikujua niingilie wapi. Basi kwa ruhusa yako, Ndugu Mwenyekiti, nitazungumzia jambo moja dogo nililolifanya kwa miaka 35, tangu 1981 hadi 2016, nalo ni imla ya muziki. Mwalimu anapiga au anaimba wimbo mfupi, mwanafunzi anausikiliza, kisha anauandika. Ni hayo tu. Lakini wengi wenu mliosoma muziki hapa mnaikumbuka imla kama mtu anavyoikumbuka sindano.

Mimi niliingia hapa mwaka 1973. Chumba cha muziki kilikuwa kile cha mwisho, karibu na stoo ya majembe, na ndani yake mlikuwa na kinanda cha kukanyaga kilichokuwa kikivuja pumzi upande mmoja. Kila Jumatano tulipewa imla. Mwalimu wetu wa wakati ule, ambaye sitamtaja, alikuwa hodari wa kupiga lakini hakuwa na subira. Anapiga mara mbili, anasema "Andikeni!", anakusanya madaftari, na baadaye kila noti isiyolingana na yake inapigwa mstari mwekundu. Mimi nilikuwa nikipata mbili, tatu, siku ya baraka nne, kati ya nane. Siku moja katika mwaka 1974, nikiwa kidato cha pili, daftari langu lilirudi likiwa na maneno matatu chini: "Sikio la kufa." Mithali yenyewe mnaijua, kwamba sikio la namna hiyo halisikii dawa, na mwenzangu mmoja aliisoma kwa sauti. Toka siku hiyo jina langu likawa Sikio. Wamo wawili watatu humu ndani ambao hata leo tukikutana stendi ya mabasi huniita hivyo. Nawaona wanacheka.

Jioni ya siku ile nilikuwa na zamu ya maji. Pale bombani alikuwapo kiongozi wa kwaya, kijana wa kidato cha nne, naye anangoja ndoo yake. Nadhani aliona uso wangu, maana aliniuliza, "Mdogo wangu, una nini?" Nikamwonyesha daftari. Hakusema neno. Akaweka ndoo yangu chini ya bomba, akaniambia nigeuke nitazame bweni, nisitazame ndoo, nami nimwambie itakapokaribia kujaa. Maji yakamiminika. Nikangoja, nikangoja, kisha nikasema, "Sasa." Akafunga bomba. Maji yalikuwa yamebakiza vidole viwili.

"Umejuaje?"

"Sauti imepanda."

"Basi nani amekuambia una sikio la kufa?"

Kisha akaketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akalisoma daftari langu kama mtu anayesoma barua. Naomba uvumilivu wenu nieleze alichokiona, maana yote nitakayosema yanatoka hapo. Mwalimu alikuwa amepiga: do re mi so fa mi re do. Mimi nilikuwa nimeandika: do re mi fa mi re do ti. Kwa hesabu ya mwalimu, noti tatu za kwanza ni sahihi, tano ni makosa, basi tatu kati ya nane. Yule kaka akasema, "Hapana. Umekosa mara moja tu. Baada ya mi wimbo uliruka, wewe ukaufanya upande ngazi moja. Toka hapo umeshuka unavyopaswa kushuka, hatua kwa hatua, mpaka mwisho. Umefunga kifungo kimoja katika tundu lisilo lake, na vyote vya chini vikafuata. Lakini kufunga unajua." Halafu akaniuliza swali ambalo sijaliacha mpaka leo: "Huu wimbo ulipokwisha, ulikuwa umefika nyumbani au umesimama mlangoni?" Nikauimba moyoni. Ulikuwa umefika nyumbani. "Sasa imba ulichoandika." Nikaimba, nikaishia kwenye ti, na kweli nilijisikia nimesimama mlangoni nikiwa na mzigo kichwani. "Basi," akasema, "anzia huko mwisho urudi nyuma, utaona mahali ulipopotea."

Mwaka 2000 mtaalamu wa Marekani, Gary Karpinski, alitoa kitabu juu ya mafunzo ya usikivu, na humo ameigawa kazi ya imla katika hatua nne: kusikia, kukumbuka, kuelewa, na kuandika. Nilipokisoma nilikuwa nimeshafundisha zaidi ya miaka ishirini. Nilifurahi sana, lakini sikushangaa, kwa kuwa niliyapata hayo pale bombani. Mwanafunzi aliyeandika kosa anaweza kuwa amesikia vibaya. Anaweza kuwa amesikia vizuri akasahau. Anaweza kuwa anaukumbuka wimbo wote na kuuimba barabara, ila hajui kwamba ile anayoiimba inaitwa so. Na anaweza kuwa anajua yote hayo akashindwa na kalamu tu. Makosa manne, dawa nne. Mstari mwekundu unayaita yote jina moja.

Kwa hiyo nilipokuwa mwalimu nilifanya mambo ambayo wakaguzi wengine hawakuyapenda. Kwanza nilipiga marufuku kalamu. Wimbo ukipigwa mara ya kwanza, mikono yote juu ya meza, mitupu. Mtoto mwenye kalamu mkononi huanza kuandika noti ya kwanza, na wakati anaiandika, ya pili, ya tatu na ya nne zimeshampita. Ni kama mtu anayeokota sarafu moja wakati mfuko wake unamwagika. Mara ya pili wanauimba kwa kufumba midomo. Mara ya tatu wanauimba hali mimi nimenyamaza kabisa, na hapo ndipo nilipokuwa nikizunguka darasani natega sikio kwenye midomo yao. Asiyeweza kuuimba hana cha kuandika, na hakuna haja ya kumpa karatasi. Huyo anahitaji wimbo mfupi zaidi. Nimewahi kukaa wiki nzima na darasa juu ya sauti tatu tu: do, re, mi. Mkaguzi mmoja aliniuliza kama hicho ni kidato cha kwanza au chekechea. Nilimwomba aandike imla yangu ya sauti tatu. Alikuwa mtu muungwana, aliandika, na baada ya hapo alikunywa chai bila kusema zaidi.

Wakishauimba, tunatafuta nyumbani. Do iko wapi? Wimbo umeishia hapo au pengine? Kisha tunashika mapigo mazito, tunaziandika noti zinazoangukia hapo, halafu ndipo tunajaza katikati. Hii ndiyo njia ambayo fundi hujengea: nguzo kwanza, fito baadaye.

Juu ya mapigo nina jambo la kusema, kwa sababu hapo ndipo watoto wetu walipokuwa wakianguka kuliko kwenye kimo cha sauti. Vitabu tulivyopewa vilitoka Ulaya, na silabi zao za kufundishia mapigo karibu zote zilianza na pigo zito. Lakini lugha yetu haisemi hivyo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi maneno yetu mengi huanza na pigo jepesi na kupanda hadi zito. Nilitumia vituo vya reli ya kati. Ruvu huanza na zito moja kwa moja. Dodoma, Tabora, Kigoma, Kilosa, hizo zina silabi moja nyepesi kabla. Morogoro na Ngerengere zina mbili. Nikipiga makofi bila kusema neno, darasa linajibu: "Tabora!" "Morogoro!" Walipofika hapo, kuandika ilikuwa kazi rahisi, kwa kuwa katika solfa pigo zito hutanguliwa na mstari wa wima, pigo jepesi na nukta mbili, na nusu pigo na nukta moja. Mwanafunzi aliyejua kwamba amesikia "Morogoro" hakuweza tena kuweka mstari mbele ya "Mo." (Nukta mbili hizo, ndugu zangu, ndizo zilizokuwa zikipotea kwenye stensili za kwaya, na nusu ya ugomvi wa besi na teno katika nchi hii umetokana na taipu iliyochoka.)

Solfa yenyewe baadhi yenu mnaidharau, mnasema ni muziki wa maskini, na wenye elimu husoma mistari mitano. Silabi zake ni za kale. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia, alizitoa katika utenzi wa kanisa kwenye karne ya 11 ili wavulana wake wajifunze nyimbo upesi. Katika karne ya 19 mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alizitengeneza upya, na mchungaji John Curwen akazieneza. Wamisionari wakazileta Afrika, kwa sababu herufi na nukta huchapwa na mtambo wowote wa kuchapia. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule kule Afrika Kusini, alitunga kwa solfa mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayosimamia sisi Watanzania katika wimbo wa taifa. Sioni umaskini hapo.

Wanafunzi wangu walipenda kuniletea habari za Mozart. "Mwalimu, Mozart alikuwa na miaka 14, akasikia Miserere ya Allegri kule Roma mara moja tu, akaenda kuiandika yote. Hicho si kipaji?" Ni kweli, habari hiyo imo katika barua ya baba yake ya mwaka 1770. Kipaji kilikuwapo, sikatai. Lakini nilipenda kuwaambia mambo mawili yanayoachwa. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki, na alimfundisha toka utotoni. Tena Miserere hiyo hurudia muziki uleule beti baada ya beti, maneno tu ndiyo yanayobadilika. Kijana yule hakukumbuka maelfu ya noti moja moja, alitambua kinachorudi. Nanyi mkisikiliza wimbo wa imla, ulizeni: kipi kimerudi?

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nimefika mahali ambapo ningependa kupita haraka, lakini nimeahidi nafsi yangu kwamba sitapita.

Mwaka 1986 nilikuwa nafundisha katika shule moja mkoani Dodoma. Nilikuwa na desturi ya kuwaambia wanafunzi walete nyimbo za nyumbani kwao; mmoja anaimba, wengine wanaandika. Zamu ikamfikia kijana mmoja wa Kigogo, wa kidato cha tatu, mpole, aliyekaa safu ya nyuma. Nikampa do kwenye kinanda, akaimba. Wimbo ulikuwa mzuri, na darasa likauandika vizuri isipokuwa noti moja iliyokuwa ikirudi karibu na kilele. Hapo wengi waliandika la, wachache wakaandika ti, na mmoja akaacha wazi. Nikaenda kinandani kuhakikisha. Haikuwa la. Haikuwa ti. Nikabonyeza ule ufunguo mweusi ulio kati yao, sauti ya kijana ikawa chini yake kidogo, si sana, lakini kila mtu aliisikia tofauti. Nikamwambia, "Unashuka hapo. Rudia." Akarudia, palepale. Nikamwambia arudie tena. Palepale. Nami, mtu niliyeitwa Sikio la Kufa, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba sikio lake halishiki sauti. Darasa likacheka. Akaketi. Muhula uliofuata hakuchagua tena muziki.

Mngeniuliza siku ile, ningesema nimefundisha vizuri. Lakini tazameni: mtu anayekosea hakosei mahali palepale, kwa kipimo kilekile, mara tatu. Kosa hutangatanga. Kitu kinachorudi palepale mara tatu si kosa, ni habari, nami nilikuwa nimefunzwa kusoma habari za namna hiyo tangu nikiwa na miaka 15, pale bombani.

Nilikuja kuelewa mwaka 1992, nilipokuwa Bagamoyo kwa shughuli nyingine, nikasikia watu wakipiga ilimba na zeze za Kigogo na kuimba. Ikatokea ile noti. Nilisimama. Ilikuwa ileile, chini kidogo ya ufunguo mweusi, na safari hii ilikuwa ikiimbwa na watu wengi kwa pamoja, na ilimba ikiitoa, na haikuwa imepinda hata chembe. Ilitulia kama yai kwenye kiota. Mliowahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, mmeisikia sauti hiyo. Baadaye nilisoma maelezo ya wataalamu, miongoni mwao Gerhard Kubik wa Austria. Uzi ukipigwa hautoi sauti moja tu. Hutoa na sauti za nusu yake, za theluthi yake, za robo yake, na kuendelea. Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya ngazi hiyo ya asili, kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa. Ya saba katika ngazi hiyo haimo kwenye kinanda chochote. Iko chini ya ufunguo mweusi kwa karibu theluthi moja ya nusu hatua. Yule kijana hakuwa ameshuka. Kinanda changu ndicho kilichokuwa hakina noti yake.

Nilikutana naye mwaka 2009. Alikuja shuleni kumwandikisha binti yake; alikuwa amekuwa fundi mwashi, mtu mzima, mwenye heshima zake. Nilimtambua, nikamwita ofisini, nikamweleza kila kitu, pamoja na habari za Bagamoyo, nikamwomba radhi. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia. Akasema, "Shikamoo yangu bado ni ileile, Mwalimu. Ila mimi nilikuamini. Hata kanisani niliacha kuimba." Kisha akaniuliza kama sare za shule zinauzwa hapohapo shuleni au mjini. Nilimwomba aniimbie ule wimbo ili niuandike inavyostahili. Alisema ameusahau. Sijui kama aliusahau kweli. Karatasi ya mwaka 1986 ninayo bado, ina herufi zote isipokuwa zile ambazo darasa halikukubaliana, na sina namna ya kuzijaza, kwa kuwa mimi mwenyewe siku ile sikuwa nikimsikiliza. Nilikuwa nikisikiliza kinanda.

Baada ya hapo nilibadilisha kusahihisha. Kila imla ilipata alama mbili, moja ya noti na moja ya mwendo, ili aliyefunga kifungo vibaya apate haki ya vifungo vingine. Na mwanafunzi aliruhusiwa kuweka mshale mdogo juu ya noti, wa kwenda chini au juu, akiamini kwamba alichokisikia kiko kati ya majina tuliyonayo. Kwenye mtihani wa taifa mishale hiyo haina alama, na niliwaambia hivyo wazi. Darasani kwangu ilikuwa nayo.

Vijana huniuliza, imla ya nini leo, simu inarekodi? Simu ni jambo jema. Ningekuwa nayo mwaka 1986 wimbo ule ungekuwapo. Tena inarudia mara mia bila kuchoka wala kukasirika, tofauti na mwalimu wangu. Lakini nimewaona wanakwaya wanaojifunza kwa simu peke yake: wakipotea katikati ya wimbo hurudi mwanzo, hawajui kupanda wanakopandia.

La mwisho linahusu mkutano wetu wa leo. Mkuu wa Shule amenionyesha chumba cha muziki. Kwa sasa kimejaa vitanda vibovu, na kile kinanda cha kukanyaga panya wamekwisha kula viriba vyake. Nimesikia kwamba kamati inapendekeza mchango wetu ununue kinanda cha umeme. Siupingi ukarimu huo, lakini naomba pendekezo lirudishwe kamatini. Tutoe vitanda, tupake chokaa, tuweke ubao mzuri, na fedha zinazobaki zimlipe posho mwalimu mmoja wa muda anayejua kuimba na kusikiliza, kwa miaka miwili. Kinanda kinaweza kungoja hadi mwaka wa tatu. Mimi nitaanza kwa kutoa vitabu vyangu vya solfa, na kila nijapo huku nitafundisha bila malipo.

Na ninyi wanafunzi, leo saa kumi, baada ya mpira, nitakuwa pale bombani. Nimekwenda kulitazama asubuhi, bado linatoa maji. Atakayependa na aje na ndoo yake. Kalamu ziacheni bwenini. Wale wanaoniita Sikio nao wanakaribishwa.